Mgonjwa Aliyetaka Likizo

Nyinyi mnaoingia kazi hii ya figo mnanikuta hapa Ngoingwa, Thika, nimestaafu, na mkinitembelea mnalalamika kwamba sikai chini. Mara nimeinuka kuangalia sufuria, mara nimetoka nje kuona ni nani amepiga honi, mara nimerudi kuwauliza mlikuwa mnasema nini. Nivumilieni. Mtu aliyezunguka kati ya mashine kwa miaka yote hiyo huwezi kumwambia leo kwamba kazi yake ni kukaa. Mashine ikilia, unainuka. Siku hizi hakuna inayolia, lakini miguu bado haijaambiwa.

Juzi Kui, ambaye ameajiriwa majuzi tu, alikuja, na chai ilikuwa haijapoa aliponiuliza: "Sista, kuna pesheni, mgonjwa wangu mmoja, anataka kwenda Kisumu wiki mzima. Ati kutembea tu. Si hiyo ni wazimu?"

Nikamwambia hapana, hiyo si wazimu, hiyo ni kazi. Yako na yake. Halafu nikamsimulia habari za Baba Shiru, na kwa kuwa alisahau nusu kabla hajafika stendi ya boda, nawaandikia wengine.

Kwanza mjue tulikotoka. Nilipoanza, mashine za kusafisha damu zilikuwa katika hospitali chache kubwa za mjini. Mtu wa Thika aliyeharibikiwa na figo aliondoka alfajiri, akalazwa kwenye mashine hadi mchana, akarudi nyumbani gizani amechoka kama aliyelima shamba la mtu. Ungemtajia likizo angedhani unamtania. Safari yenyewe ilikuwa hospitali. Baadaye mashine zikaletwa karibu, nikapangwa kwenye kitengo chetu hapa, na aliyenifundisha ni Sista Philomena, mama mmoja mfupi, mnene, asiyejua kunong'ona.

Sista Philomena hakukuruhusu uguse faili kabla ya kugusa mkono. Mnajua fistula, pale daktari alipounganisha mishipa miwili mkononi ili sindano zipate njia ya kuingia. Alikuwa anakushika kichwa na kukiinamisha hadi sikio lako lilale kwenye mkono wa mgonjwa. "Unasikia?" Unasikia mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. "Basi huo mkono uko hai. Ukinyamaza siku moja, huyu mtu hana mlango wa kuingilia. Sasa soma faili lako." Leo mna vifaa vya kila aina. Inameni hata hivyo.

Yeye pia ndiye aliyenifundisha mzani. Mgonjwa wa figo akinywa maji hayatoki, yanabaki naye hadi siku ya mashine, kwa hiyo tunampima akija na kumpima akiondoka. Na hapo ndipo utawajua binadamu. Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja na patipati nyepesi siku alizokunywa sana, na mabuti mazito siku alizojizuia, ili mzani usionyeshe tofauti! Sista Philomena alikuwa anamwambia, "Mzee, hata ukija umebeba nanasi—" kisha ananyamaza, kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mananasi na hakupenda utani huo. "Panda tu mzani."

Sasa Baba Shiru.

Alikuwa fundi wa pikipiki kule Mugutha, upande ule ambao sasa umejaa nyumba za kupangisha hadi huwezi kuonyesha mahali kahawa ilikuwa. Mtu mrefu, mikono mikubwa, kucha zenye mafuta meusi ambayo sabuni ilishindwa nayo. Shinikizo la damu lilikula figo zake polepole bila yeye kujua, na alipojua ilikuwa imebaki mashine. Jumanne na Ijumaa, alitoka Mugutha kuja kwetu. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaa isipokuwa kwenye kigoda mbele ya injini, leo amelala kwenye kiti, mkono mmoja umefungwa kwa mipira, anaangalia damu yake ikizunguka.

Alikuwa kama kuku aliyefungwa mguu. Alihesabu mabati. Aliuliza kila mashine imetoka nchi gani. Kila Ijumaa aliniambia pampu ya mashine yake ina kelele ya beringi iliyokwisha, na kila Ijumaa nilimwambia pampu iko sawa, na kweli ilikuwa sawa. Nyinyi mnafikiri ugonjwa huu unaua kwa sumu tu. Unaua pia kwa kukaa. Niliwahi kuona watu wanaacha mashine si kwa sababu inauma. Wamechoka kuishi maisha yasiyofika hata Ijumaa ya pili.

Siku moja nikiwa namtoa sindano, nimebana pamba kwenye mkono wake, akasema:

"Sista, nataka likizo."

"Nani amefariki?"

"Hakuna mtu amefariki."

"Kuna harusi?"

"Hakuna harusi. Nataka tu kwenda mahali na mama watoto. Mombasa. Nikae. Nile samaki. Nirudi."

Nilicheka. Nilifikiri ni utani, maana kwetu mgonjwa anasafiri kwa mambo mawili, kuzika au kuozesha. Yeye hakucheka. Alikuwa ameangalia mlango.

Kumbe nyumbani alikuwa ameshasema, na nyumba ilikuwa imewaka. Ijumaa iliyofuata kaka yake mkubwa, Mzee Njuguna, alikuja kitengoni akiwa amevaa koti la kanisani, akaniomba tuongee kwenye korido. Mama Shiru alikuwa pale kwenye benchi na kikapu chake, akisubiri mumewe amalize.

"Sista, mwambie huyu mtu. Wewe anakusikia," Mzee Njuguna akasema. "Sisi tulimfanyia harambee. Kanisa lilisimama. Watu wa Mugutha wakachanga hata wasiokuwa na kitu. Sasa wasikie ameenda Mombasa kuoga bahari? Mimi nitapita wapi?"

Nilimwelewa. Watu wakikuchangia, kuna namna wanataka kukuona, na namna hiyo haina kofia ya jua. Lakini Mama Shiru, ambaye tangu nimjue alikuwa hasemi zaidi ya "asante Sista" na "tuonane Jumanne", akainua kichwa.

"Mzee Njuguna," akasema, kwa heshima kabisa, "mlichanga aishi, ama mlichanga aonekane mgonjwa?"

Mzee Njuguna alivua kofia, akaivaa tena, akasema atarudi. Hakurudi siku hiyo. Mimi nilirudi ndani nikamkuta Baba Shiru anajifanya amelala, jicho moja limefunguka.

Hapo ndipo nilipoanza kazi, na sasa sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo mtakayoulizwa.

Mgonjwa wa mashine hasafiri kwa kufunga begi. Anasafiri kwa kutafuta kiti. Kabla hajaongea habari za gari au chumba, lazima kuwe na kitengo kule aendako ambacho kimesema kwa mdomo wake kwamba siku fulani kina mashine tupu. Si "njoo tutaona." Hiyo "tutaona" imezika watu. Tulikuwa na kijana mmoja aliyekwenda Busia kumzika nyanya yake, akaambiwa na binamu kwamba hospitali ya kule ina mashine. Mashine zilikuwepo kweli, zimejaa wagonjwa wa huko. Alirudi kwetu amevimba macho hadi hafungui, na tukamshukuru Mungu kwamba alirudi.

Nilipiga simu nyingi hadi nikampata Sista Mwanaidi, muuguzi wa kitengo kimoja Mombasa. Kiswahili changu ni hiki mnachokijua, cha kupasua kuni. Chake kilikuwa kama mtu anayekumiminia uji polepole.

"Dada yangu, hamjambo huko bara? Nafasi ya Jumanne ipo. Mgonjwa wako tutampokea kwa mikono miwili. Ila majibu ya vipimo vyake vya damu yatangulie, tafadhali. Homa ya ini na mengineyo. Bila hayo simlazi kwenye mashine, hata angekuwa ndugu yangu."

Hivyo ndivyo muuguzi anavyotakiwa kuongea. Tukapima, tukamtumia. Nikamwandikia pia uzani wake mkavu, yaani ule anaotakiwa kuwa nao maji yote yakishatoka, na dawa yake ya kuzuia damu kuganda, na mkono upi una fistula. Bima yake tukaihangaikia mapema ili isimwaibishe kwenye dirisha la ugenini. Kisha nikamketisha Mama Shiru, mumewe kando yake, nikamwagiza. Dawa zibaki kwenye kikapu chako, si kwenye buti la gari. Mkono ule asibebee begi, asiulalie. Sikiliza mvumo asubuhi na jioni. Kiu ikimshika, kipande cha barafu mdomoni, asiinue glasi. Na kule kuna joto, na kuna madafu.

"Madafu yana nini?" Baba Shiru akauliza. "Si ni maji tu?"

"Yana potasiamu. Wewe figo zako haziitoi. Inafika kwenye moyo na kuusimamisha bila kubisha hodi. Ndizi kidogo sana, machungwa kidogo sana, dafu hapana."

"Hata moja?"

"Baba Shiru."

"Nimeuliza tu."

Alimuuzia mteja pikipiki moja ya zamani aliyokuwa ameifufua mwenyewe, na pesa hizo ndizo zilizowapeleka. Ijumaa tukamsafisha, Jumamosi wakaondoka. Jumanne angesafishwa na Mwanaidi, Alhamisi warudi, Ijumaa tumwone. Nilipompungia mkono mlangoni moyo wangu haukuwa hapo. Wikendi ile niliosha mapazia yaliyokuwa safi.

Jumapili hakuna habari. Jumatatu Mama Shiru akanitumia picha. Mzee amesimama kwenye maji hadi magotini, suruali imekunjwa, mkono wa fistula ameuinua juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kuongea. Nikacheka peke yangu jikoni. Nikampigia.

"Anakunywa?"

"Anajizuia, Sista. Lakini jana nilienda kutafuta chaja ya simu, nikirudi nikampata na dafu. Alikuwa amefika katikati. Nikamnyang'anya."

"Ngai, Mungu wangu! Miguu yake ikoje? Inalegea?"

"Anatembea vizuri. Anatembea sana, hata. Hakai."

Nilijituliza. Kesho ni Jumanne, nikasema. Mashine itamaliza maneno.

Jumanne asubuhi nikiwa zamu, simu ikalia. Mwanaidi. Sauti yake bado ilikuwa ya uji, lakini uji umeingia mchanga.

"Dada, nina habari si njema. Mashine zipo, umeme upo, maji hakuna. Pampu ya chumba cha kusafishia maji imekufa usiku."

Mnaelewa hiyo. Mashine ya figo bila maji yaliyosafishwa ni kabati. Mafundi walikuwa wameitwa. Labda jioni. Labda kesho. Nikapigia vitengo vingine vya huko, vilikuwa vimejaa wagonjwa wa Mwanaidi waliokimbilia kabla yetu. Kurudi Thika ni safari ya siku nzima kwenye joto, na mtu ambaye maji tayari yanapanda. Nilimwambia Mama Shiru: mketishe wima, asile matunda ya aina yoyote, hata kipande. Akianza kushindwa kupumua akilala, au miguu ikawa mizito ghafla, usinipigie mimi, mpeleke kasualti, pale pa dharura, kwanza.

Jioni pampu haikufanya kazi. Jumatano nilikuwa na siku ya mapumziko, na ingekuwa heri nisiwe nayo. Wakati huo nilikuwa naishi Kamenu. Nilifagia uwanja, nikafagia tena. Nilienda dukani kununua chumvi nikarudi na mishumaa. Jirani yangu akaniuliza kama nimepoteza kuku, kwa vile nilikuwa nazunguka nyumba nikiangalia chini. Kila nilipopiga, Baba Shiru mwenyewe ndiye aliyeshika simu, na kila mara sentensi zake zilikuwa fupi zaidi.

"Niko... sawa, Sista."

"Unapumua kama mtu aliyepanda ngazi."

"Hapa... hakuna ngazi."

Mwanzo wa mchana Mwanaidi akapiga. Maji yamerudi. Nikasema asante Yesu, yeye akasema alhamdulillahi, kisha akasema: "Lakini dada, wagonjwa wangu wa jana wote wako hapa mlangoni na wa leo wote wako hapa. Wa kwako ni mgeni. Siwezi kumruka mwenyeji aliyelala kwenye benchi tangu jana."

Nilijua ana haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Ila nilisema, "Sista Mwanaidi, huyu alikunywa nusu dafu Jumapili, na sasa hamalizi sentensi."

Nikamsikia amegeuka, simu bado iko wazi, anawaeleza watu waliokuwa kwenye benchi. Hakupaza sauti. Alisema kuna mgeni kutoka Thika, alikuja kupumzika na mkewe, ukosefu wa maji ukamkuta hapa kama ulivyowakuta nyinyi, na hali yake ndiyo mbaya kuliko zote. Nikasikia manung'uniko. Mtu akasema, likizo? Mtu mwingine akacheka. Kisha sauti ya mzee, kavu, polepole:

"Kwani alikuja kutalii na figo hizi hizi?"

"Hizi hizi, baba."

"Basi mlazeni. Mimi uzani wangu si mbaya. Nitakuja alfajiri. Lakini mwambieni akipata nafuu aje anieleze amefanyaje fanyaje, mimi hata Malindi kwa binti yangu sijafika tangu nianze mashine."

Sikuwahi kuiona sura ya mzee yule. Baba Shiru alilazwa kwenye kiti chake kabla jua halijageuka. Moyo ulikuwa umeanza kupiga vibaya, Mwanaidi aliniambia baadaye, na alikaa kando yake muda wote. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitulia.

Jioni simu ikalia. Sauti ya Baba Shiru, ndefu, nzima.

"Sista! Tunaongeza siku."

"Mnaongeza nini?"

"Siku. Jumanne na Jumatano zililiwa na pampu. Sikuzitumia. Sista Mwanaidi amenipatia kiti cha Jumamosi. Tutarudi Jumapili, Jumanne niko kwako."

Niliongea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimuuliza kama ana akili. Nilimkumbusha kwamba mchana alikuwa anakufa. Aliniacha nimalize, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilikuwa nakufa, ndiyo," akasema. "Hata huko Mugutha nakufa, Sista. Pole pole. Hapa angalau Mama Shiru anacheka."

Nikamwambia arudi Jumapili bila kukosa, na nikakata simu kabla hajajua kwamba nimekubali.

Alirudi. Uzani wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwezi mzima, maana sasa alikuwa anajilinda kama mtu mwenye kitu cha kulinda. Kabla ya kuondoka Mombasa alikuwa amekwenda kumwona mzee yule wa benchi, akamweleza yote: kiti kwanza, vipimo, barafu, mkono. Na kitengoni kwetu wagonjwa waliokuwa wanalala wakiangalia ukuta wakaanza kuniita. "Sista, Nyeri kuna mashine? Sista, Eldoret wanataka vipimo gani?" Wengi hawakwenda popote. Lakini kuuliza kuliwanyoosha mgongo. Nikawa nina kazi mpya ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya, na niliifanya hadi nikastaafu, na nawaachia nyinyi. Pampu zitakufa bado. Watakunywa madafu bado. Mtazunguka nyumba zenu mkitafuta kuku asiyepotea. Msiwanyime kwa sababu nyinyi mnaogopa kusubiri simu.

Baba Shiru na mkewe walisafiri tena, Nakuru, Kisumu, na Nanyuki ambako alilalamika baridi. Mwishowe moyo ulichoka. Alifia nyumbani, siku isiyo ya mashine, ameketi nje ya karakana yake na spana mkononi. Mzee Njuguna ndiye aliyesoma wasifu wake kaburini, na alipofika pahali pa safari alisoma polepole, kila mji kwa jina lake.

Majuma kadhaa baadaye Mama Shiru alikuja kitengoni kurudisha dawa zilizobaki. Wauguzi wakamzunguka, pole mama, umeteseka mama, umemuuguza kwa uvumilivu. Aliitikia zote. Walipotawanyika akabaki na mimi.

"Sista, kila mtu ananipa pole ya kuuguza," akasema. "Kanisani, sokoni, kila mahali. Hakuna mtu hata mmoja ameniuliza tulistarehe namna gani."

Mashine moja ikalia upande wa dirisha. Nikamwonyesha mwenzangu kwa kidevu aende yeye.

"Mama Shiru," nikasema, "Mombasa ilikuwaje?"

Akavuta kiti karibu, akavua viatu, akaanza.